Shule Ni ya Kanisa ama Ni ya Waliobeba Mawe?

Zunguka Elburgon siku yoyote ya wiki uangalie mabango ya shule. Utapata jina la shule, sanduku la posta, kauli mbiu, halafu pale chini kuna mstari mmoja mdogo: "Mdhamini", na jina la kanisa. Hapa ni PCEA, pale ni AIC, ukivuka barabara ni ACK, ukipanda kidogo ni Katoliki. Mtaani tunamwita sponsa. Najua neno hilo siku hizi lina maana nyingine kabisa, hiyo tuiwache. Leo naongea kuhusu huyu sponsa wa kwenye bango.

Kila mara mwalimu mkuu anapohamishwa, ama kukiwa na mvutano wa nani akae kwenye bodi, lile swali hurudi: hii shule ni ya nani? Majibu huwa ni mawili tu. Wa kwanza atakuambia kanisa ndilo lilileta elimu, kwa hivyo liheshimiwe. Wa pili atakuambia serikali ndiyo inalipa walimu, kwa hivyo kanisa likae kando. Mimi naona hawa wawili wamesahau watu wa tatu. Nitawaeleza ni kina nani, lakini itabidi turudi nyuma zaidi ya miaka mia moja. Vumilieni, history tamu haina haraka.

Tuanze na mwaka 1909, hapo Kijabe, kwenye ukingo wa Bonde la Ufa. Misheni ya Africa Inland ilikuwa imefika Kijabe mwaka 1903, na mwaka 1906 ikaanzisha shule ya Rift Valley Academy kwa ajili ya watoto wa wamishenari wenyewe. Mwaka 1909 Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka tu kwenye urais wa Marekani, akipita huku kuwinda, alialikwa aweke jiwe la msingi la jengo la shule hiyo. Rais mstaafu wa Marekani anaweka jiwe kwa mikono yake, kwa shule ya watoto wa kizungu.

Sasa mwaka huo huo, kijana Mmaasai aliyekuwa karibu na misheni hiyo hiyo, Molonket ole Sempele, aliuza ng'ombe wake akasafiri kwenda Marekani kusoma. Hakungoja basari. Mmaasai kuuza ng'ombe si jambo la mchezo, kila mtu anajua. Alipofika kule hakupelekwa kwenye chuo cha wazungu. Alisoma Boydton, jimbo la Virginia, kwenye shule ya Biblia iliyoanzishwa na Wakristo kwa ajili ya vijana weusi baada ya utumwa kuisha. Akarudi nyumbani mwaka 1912, wakati ambapo Wamaasai wenzake walikuwa wanaondolewa Laikipia kupisha masetla.

Hebu weka hizo hadithi mbili pamoja. Kanisa ni moja, mwaka ni mmoja. Mtoto wa mzungu anajengewa shule mlangoni, na jiwe linawekwa na rais. Mwafrika anauza mifugo yake na kuvuka bahari, na mlango unaofunguka ni wa shule ya watu weusi wenzake. Sisemi hivi ili tuwachukie wamishenari. Nasema kwa sababu ukitaka kujua nani alijenga elimu hapa, lazima uulize pia nani alilipa gharama.

Hizo shule za watu weusi za Marekani zinatuhusu kuliko tunavyofikiria. Baada ya vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe, watu waliotoka utumwani hawakuwa na shule. Makanisa na vyama vya kimisheni vikaanza kufungua. Hampton, pale Virginia, ilianzishwa mwaka 1868 kwa msaada wa American Missionary Association. Mhitimu wake mashuhuri, Booker T. Washington, ndiye aliyekwenda kuongoza Tuskegee mwaka 1881. Mtindo wa Hampton na Tuskegee ulikuwa kazi za mikono: useremala, kilimo, ushonaji, nidhamu. Wafadhili wazungu waliupenda sana mtindo huo. Wako watu weusi waliousifu, na wako waliouliza: kwani mtu mweusi hafai kusoma falsafa na sheria?

Upande wa pili palikuwa na makanisa ya watu weusi wenyewe, yaliyochanga senti kwa senti na kujenga vyuo vyao. Mfano ni Chuo cha Livingstone kule North Carolina, cha kanisa la AME Zion. Hapo ndipo alipofundisha James Aggrey, Mwafrika kutoka Gold Coast, yaani Ghana ya leo. Mwaka 1924 Aggrey alikuja Kenya pamoja na tume ya Phelps-Stokes, iliyozunguka Afrika Mashariki kuangalia elimu ya Waafrika. Unajua tume hiyo ilipendekeza nini? Mtindo wa Hampton na Tuskegee. Mwaka 1925, kwa pesa za shirika la Carnegie la Marekani, ikafunguliwa Jeanes School hapo Kabete, kufundisha walimu watakaozunguka shule za vijijini wakihimiza kilimo, usafi na kazi za mikono.

Kilimo si kitu kibaya, mimi mwenyewe nakula viazi vya huku kila siku. Shida ni nani anaamua mtoto wa nani ajifunze jembe na wa nani ajifunze kalamu. Kenya ya wakati huo shule ziligawanywa kwa rangi: za Wazungu, za Wahindi, za Waafrika. Waafrika tulikuwa wengi kupita wote, lakini kwenye bajeti na kwenye sheria tulihesabiwa kama kajikundi kadogo kanakosaidiwa tu.

Tuje nyumbani sasa. Mwaka 1931, hapo Turi, kilomita chache kutoka Elburgon, ilianzishwa shule ya bweni ya watoto wa kizungu ambayo leo tunaijua kama St Andrew's. Iliungua mwaka 1944, ikajengwa tena kwa mawe, na mafundi wake walikuwa wafungwa wa vita wa Kiitaliano. Bado iko, imebadilika, inachukua watoto wa rangi zote wenye uwezo. Sina ugomvi nayo. Lakini jiulize, mwaka huo wa 1931 mtoto wa skwota alikuwa wapi?

Skwota alikuwa mtu anayeishi kwenye shamba la setla, ama ndani ya msitu wa serikali, kwa kutoa kazi. Sheria ya mwaka 1918 ilimtaka afanye kazi siku zisizopungua 180 kwa mwaka ndipo aruhusiwe kulima kipande chake na kufuga. Hapa Elburgon wengi walikuwa watu wa msitu: wanapanda miti ya serikali, wanalima katikati ya miche, miti ikikua wanahamishwa sehemu nyingine. Huo ndio mfumo wa shamba ambao mpaka leo watu wa huku wanaukumbuka. Pareto ilipoingia, vidole vya watoto vilitakikana kuchuma maua. Cucu wangu alichuma pareto kabla hajajua kuandika jina lake, na hakuwa peke yake, hiyo ndiyo ilikuwa shule ya rika lake.

Shule ya skwota ilitegemea hiari ya setla. Akitaka, anaruhusu kibanda na mwalimu mmoja. Asipotaka, hakuna. Na misheni? Misheni nyingi zilikuwa na vituo vyao katika maeneo ya akiba, kule Kikuyu, Nyeri, Maragoli, ambako kulikuwa na machifu, na kuanzia mwaka 1924 kukawa na mabaraza ya wenyeji yaliyoweza kukusanya ushuru na kuchangia shule. Kwenye mashamba ya wazungu hakukuwa na baraza la mwenyeji, kwa sababu kwenye karatasi hakukuwa na mwenyeji. Ulikuwa mfanyakazi tu. Kwa hivyo skwota alikuwa nyuma ya hata ndugu yake aliyebaki Kiambu.

Halafu ikaja 1929. Hii sehemu ni ngumu na nitaisema wazi. Misheni ya Scotland, Africa Inland na nyingine ziliamua kupambana na ukeketaji wa wasichana miongoni mwa Wakikuyu. Walimu na waumini walitakiwa kuweka sahihi ama alama ya kidole kukubali kuachana nao. Kidole hicho kwa Kikuyu kiliitwa kirore, na jambo lote likabaki na jina hilo. Waliokataa walitolewa kanisani, walimu wakapoteza kazi, na watoto wa wengi wao wakafukuzwa shuleni.

Msimamo wangu ni huu: ukeketaji ni makosa, unaumiza, na tangu 2011 sheria ya Kenya imeupiga marufuku kila mahali. Katika hilo wamishenari walikuwa na hoja. Lakini kumfungia mtoto mlango wa darasa kwa sababu baba yake amekataa kuweka kidole? Huyo msichana waliyesema wanamtetea, wakimfukuza shule wamemtetea vipi? Hapo ndipo watu waligundua kitu ambacho hawakukisahau tena: shule waliyojenga kwa mikono yao haikuwa yao. Walikuwa wamebeba mawe, wamekata miti, wametoa uwanja, lakini ufunguo ulikuwa kwa mtu mwingine.

Walichofanya baadaye ni moja ya vitu vikubwa zaidi katika historia ya nchi hii, na mbona hatukisherehekei? Walijenga zao. Mwaka 1934 kikaundwa chama cha KISA cha shule huru za Wakikuyu, na kando yake kikawepo kile cha Karing'a, kilichokuwa kikali zaidi kwa wazungu. Hawakukataa Biblia, walikataa kutawaliwa kupitia Biblia. Walihitaji makasisi wa kuwabatiza watoto wao, na misheni zilikuwa zimefunga mlango. Wakamwita Askofu Mkuu Daniel William Alexander kutoka Afrika Kusini, wa kanisa la African Orthodox, kanisa ambalo mizizi yake ilikuwa kwa watu weusi wa Marekani. Alifika mwaka 1935, akafundisha, akawapa watu wetu upadri, akaondoka 1937. Kutoka hapo ndipo tuna AIPCA na Orthodox ya Kenya. Kwa hivyo mtu akikuambia shule huru zilikuwa za kupinga kanisa, mwambie asome tena. Zilikuwa na kanisa, ila lilikuwa kanisa lililokaa upande wao wa meza.

Na yule mtu wa Hampton naye anarudi. Mbiyu Koinange, mtoto wa Chifu Koinange wa Kiambu, alikwenda Hampton mwaka 1927. Baadaye akaingia Ohio Wesleyan, chuo chenye asili ya Kimethodisti, kisha Columbia. Aliporudi, watu wa shule huru walikuwa na shida moja kubwa, walimu. Januari 1939 kikafunguliwa Chuo cha Walimu cha Githunguri, yeye akiwa kiongozi. Pesa zilitoka wapi? Marika yalishindana kuchanga. Wanawake walijichangia wenyewe wakajenga bweni la wasichana. Jomo Kenyatta aliporudi kutoka Uingereza mwaka 1946, hapo ndipo alipokwenda, na baadaye akakiongoza.

Angalia jinsi mambo yalivyogeuka. Watu wa Phelps-Stokes walileta mtindo wa Hampton ili Mwafrika atulie na jembe lake. Mbiyu alikwenda Hampton yenyewe akarudi na kitu kingine kabisa, kwamba watu walionyimwa wanaweza kujijengea chuo. Mwaka 1952 hali ya hatari ilipotangazwa, serikali ikafunga Githunguri na shule huru kwa wingi. Zingine zilikabidhiwa misheni ama mabaraza. Kwa hivyo baadhi ya shule zenye historia hiyo, ukiona bango la mdhamini leo, ujue sahihi iliwekwa juu ya mawe ya watu wengine.

Nisije nikaonekana naandika upande mmoja. Machi 1926 misheni za Kiprotestanti ziliungana zikafungua Alliance High School hapo Kikuyu, na bila shule hiyo sijui serikali ya kwanza ya Kenya huru ingepata wapi mawaziri na makatibu. Carey Francis aliiongoza kuanzia 1940 hadi 1962, na alikuwa mzungu aliyeacha kazi ya hesabu Cambridge kuja kufundisha Waafrika. Hospitali, vitabu vya kwanza, herufi za lugha zetu, vingi vimetoka misheni. Anayesema kanisa halikufanya kitu anadanganya. Ninachokataa mimi ni ile hesabu inayoandika sadaka ya mfadhili kwa wino na kuandika jasho la mwenyeji kwa penseli.

Sasa nifike pale panaponiuma zaidi, kwa sababu mpaka hapa mtu wa kwetu atakuwa anashangilia, "sisi Wakikuyu tulijijengea". Sawa, tulijijengea. Lakini ukitoka Elburgon ukapanda Mariashoni, unaingia kwa Waogiek, watu wa msitu wa Mau waliokuwa huku kabla ya reli, kabla ya setla, na kabla yetu sisi. Tume ya Ardhi ya Carter, iliyotoa ripoti mwaka 1934, iliwaita Wadorobo, na pendekezo lake kwao lilikuwa wahamie kwenye maeneo ya makabila makubwa walio karibu nayo, wamezwe huko. Hawakupewa eneo lao.

Fuata hiyo hesabu polepole. Bila eneo, hakuna baraza la wenyeji. Bila baraza, hakuna ushuru wa kuchangia shule. Misheni inataka kiwanja chenye hati, na msitu ni wa serikali. Skwota alikuwa na setla wa kumwomba ruhusa na ndugu Kiambu wa kumpokea. Mwogiek alikuwa na foresta wa kumfukuza. Kwa hivyo kila kitu nilichokisema hapo juu kuhusu kunyimwa, wao kiliwapata mara mbili, na mara ya pili sisi majirani zao tulikuwa sehemu ya tatizo, kwa sababu mashamba mengi yaliyokatwa kwenye Mau yalichukuliwa na watu wa makabila makubwa.

Tarehe 26 Mei 2017 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, pale Arusha, iliamua kwamba Kenya ilivunja haki za Waogiek, ikiwemo haki ya ardhi, ya utamaduni na ya dini. Juni 2022 mahakama hiyo ikaamuru walipwe fidia na wapewe hati ya ardhi yao. Novemba 2023 bado familia za Waogiek zilikuwa zinabomolewa nyumba kule Sasimwani, Narok. Na Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 56, inasema wazi kwamba serikali itawawekea makundi madogo na yaliyotengwa nafasi maalum katika elimu. Karatasi ni nzuri. Ila mtoto hasomi karatasi ya mahakama, anasoma darasani.

Hapo ndipo namrudia sponsa wa kwenye bango. Sheria ya Elimu ya 1968 iliwatoa makanisa kwenye umiliki wa shule ikawafanya wadhamini. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inasema mdhamini atashauri kuhusu mambo ya kiroho, atakuwa na wawakilishi kwenye bodi, na pia, hii watu hawaisomi, atatoa msaada wa fedha na wa miundombinu. Yaani kiti kwenye bodi kinakuja na mzigo. Huwezi kudai kiti ukaacha mzigo chini.

Maoni yangu basi, na mtanipinga kwenye maoni hapa chini kama kawaida. Kwa shule zetu za mjini, bango la mdhamini liendane na kazi inayoonekana. Kanisa liseme mwaka huu limejenga nini, limelipia watoto wangapi, limeleta nini. Waumini wanatoa sadaka, wana haki ya kujua. Kama miaka kumi imepita na kitu pekee kilichotoka kanisani ni barua ya kumkataa mwalimu mkuu, basi huo si udhamini.

Pili, makanisa ya Elburgon yenye nguvu yaangalie juu ya mlima. Kama kuna mahali udhamini unahitajika leo ni shule za msituni: darasa, choo cha wasichana, nyumba ya mwalimu ili asikimbie mvua ya kwanza ikinyesha. Lakini waende wakijua somo la 1929. Wasiende na kirore chao. Msaada usiwe wa sharti kwamba mtoto aache lugha yake, ama wazee waache kusema ardhi ni yao, ama familia ihame kanisa. Mtaala wa sasa unaruhusu madarasa ya chini yafundishwe kwa lugha ya eneo. Mwalimu anayejua Kiogiek, akilipiwa chuo na kanisa lolote, atafanya kazi kuliko bango kumi.

Tatu, bodi za shule hizo zikaliwe na Waogiek wenyewe, wakiwa na ufunguo mkononi. Mababu zetu walipofungiwa mlango walikuwa na rika zima la kuchanga na kujenga Githunguri. Jamii ndogo haina idadi hiyo. Kwa sababu hiyo inahitaji rafiki, na rafiki haandiki jina lake juu ya mlango wa nyumba ya mwenzake.

Kwa hivyo mtu akiniuliza tena shule ni ya nani, jibu langu ni hili: ni ya watoto walio ndani, na ya wazazi waliobeba mawe. Kanisa na serikali wote ni wageni waliokaribishwa, na mgeni mzuri huja na kitu mkononi.